Jina la Emily, Mikono ya Msee wa Endarasha: Ubaguzi wa Kazi za Teknolojia Tusiouongelea

Wasee, tuanze na kitu kila mtu kwa game anajua lakini hakuna mtu huongea kwa sauti. Ukitaka kazi ya onlaini ikulipe fiti, usiseme unatoka Endarasha. Usiseme hata wewe ni Mkenya. Tafuta akaunti ya mtu wa Marekani, weka picha ya dem mzungu mwenye meno kama ya tangazo la Colgate, washa VPN, jiite Emily. Ama Greg, kama wewe ni chali. Kazi zitaingia. Siku utarudi kwa jina lako halisi, zile kazi zinakauka kama mito ya Kieni mwezi wa pili.

Kama hujawahi kufika Endarasha, iko Kieni Magharibi, Nyeri, karibu na msitu wa Aberdare. Baridi ya huko hukata masikio. Ni mtaa wa waru, kabeji na maziwa. Wakenya wengi walisikia hilo jina mara ya kwanza Septemba 2024, wakati moto uliua watoto 21 wa Hillside Endarasha Academy, na huo ni msiba ambao haufai kutumiwa kupamba stori nyingine. Leo tunaongea kuhusu wale vijana waliobaki wakitafuta maisha. Msee wa huko siku hizi hangoji tu guka agawanye shamba. Ako na laptopu ya mkono wa pili, bando ya usiku, na kazi za kuandika, kunakili sauti, ama kuonyesha mashine za AI kwamba hii picha ni mbwa na ile ni gari. Mkono uko Kieni, pesa iko ng'ambo, na katikati kuna jina.

Ile biashara ya kununua na kukodisha akaunti imekuwa soko kamili. Kuna watu hawaandiki hata neno moja, kazi yao ni kuuza majina ya wazungu. Wengi huiita wizi na wanaishia hapo. Ni kweli ni uongo, na ukishikwa akaunti inafungwa na doo yako inakwama ndani. Lakini jiulize mbona bei ya jina iko juu hivyo. Hakuna mtu hununua kitu kisicho na faida. Kama jina la Emily linauzwa, ni kwa sababu soko limeamua jina la Wanjiku lina thamani ndogo hata kabla ya kuona kazi ya Wanjiku.

Na hii si hisia za watu wamechoka na hustle. Mwaka wa 2004 maprofesa wawili wa uchumi, Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan, walichapisha utafiti wao. Walikuwa wametuma karibu CV 5,000 za kubuni kwa matangazo ya kazi Boston na Chicago. CV zilikuwa na nguvu sawa, wao walibadilisha tu majina. Nyingine zilipewa majina yanayosikika ya kizungu, kama Emily na Greg. Nyingine zikapewa yanayosikika ya watu weusi, kama Lakisha na Jamal. Upande wa kina Emily ulijibiwa kwa asilimia 50 zaidi. Yaani Emily alihitaji kutuma kama CV 10 apigiwe simu moja, Lakisha kama 15. Sasa ona msee wa Endarasha ambaye hajawahi kusikia hao maprofesa, na yeye akachagua Emily. Alifikia jibu lile lile kwa njia ya njaa.

Kuna mtu tayari anaandika komenti: "Hiyo si rangi, hiyo ni soko. Maisha ya Kenya ni cheap, lazima mshahara uwe chini." Tuichukue hiyo hoja kwa uzito, kwa sababu ina ukweli kiasi, na ndiyo hutumiwa kila siku kutunyamazisha.

Hapa tuingie stori ya Sama. Kuanzia 2019 hii kampuni ilikuwa na mkataba wa kusafisha Facebook kutoka Nairobi. Kusafisha maanake ni kuangalia video za watu wakichinjwa, watoto wakidhulumiwa, watu wakijiua, halafu unabonyeza itoke ndio wewe na mimi tusiione tukiwa tunakunywa chai. Waliajiri vijana kutoka Kenya, Uganda, Ethiopia, Somalia, Afrika Kusini na kwingine. Mmoja wao, Daniel Motaung wa Afrika Kusini, alijaribu kupanga wenzake wadai haki, akafutwa. Februari 2022 jarida la TIME lilitoa stori yake, na ikajulikana kwamba kuna waliokuwa wakipeleka nyumbani kama dola 1.50 kwa saa. Kwa bei ya dola ya wakati ule hiyo ni kama soo na sabini. Sasa linganisha. Mwaka wa 2019 watu waliokuwa wakifanya kazi hiyo hiyo ya Facebook kule Phoenix, Arizona, pia chini ya kampuni ya kati, walikuwa wakipata dola 15 kwa saa, na hata hao walikuwa wakilia kwamba ni kidogo. Mara kumi. Kitunguu Nairobi si rahisi mara kumi kuliko Phoenix, na rent ya Roysambu pia si hivyo. Bei ya laptopu na ya intaneti ndio usiseme.

Lakini wacha mshahara kwanza, kwa sababu hapo mtu anaweza bishana mpaka kesho. Kitu kinanikera mimi ni kichwa. Mei 2020 Facebook ilikubali kulipa dola milioni 52 kwa wasafishaji wake wa Marekani waliosema kazi iliwaharibu akili. Zaidi ya watu 11,000 walikuwa kwenye hiyo hesabu, kila mmoja angalau dola 1,000, na mwenye ugonjwa uliothibitishwa angepata zaidi. Nairobi haikuwa kwa hiyo orodha. Desemba 2024 ikaibuka kwamba zaidi ya wafanyakazi 140 wa hiyo kazi hapa Kenya walikuwa wamepimwa na daktari wa Kenyatta National Hospital wakapatikana na msongo mkubwa wa akili baada ya kiwewe. Sasa ile hoja ya "maisha ya Kenya ni cheap" inasema nini hapo? Usiku wa kuota ndoto mbaya una bei ya Kenya na bei ya Marekani? Video ni ile ile. Ubongo ni ule ule.

Tuwe wakweli, Marekani pia kuna watu weusi kwa hiyo kazi, na wao walikuwa kwa ile malipo ya milioni 52. Kwa hivyo ukisema ni ngozi peke yake utakuwa umekosea. Ni pasipoti kwanza. Lakini nani aligawa hizo pasipoti, na nani aliamua Nairobi ni mahali pa kutafuta mikono ya bei rahisi na si mahali pa kutafuta wadosi? Kwa huu mji rangi na pasipoti hutembea zikishikana mikono, na ukijaribu kuzitenganisha unapata kwamba moja inajificha nyuma ya nyingine.

Januari 2023 Sama ikasema inaacha kazi ya Facebook, na zaidi ya watu 200 wakaambiwa mkataba umeisha. Kazi ikapelekwa kampuni nyingine, Majorel. Wale wasee wenye uzoefu wakajaribu kuomba kazi huko, na wanasema mlango ulifungwa kwao. Kwa kesi waliyopeleka mahakamani Machi 2023, wafanyakazi 184 walidai kwamba watu wa kuajiri waliambiwa wasichukue mtu yeyote aliyetoka Sama. Kampuni zinapinga madai yao, na mahakama ndiyo itaamua. Lakini ona vile kitu kama hicho kingefanya kazi kama ni kweli. Hukosi kazi kwa sababu hujui kazi. Unakosa kwa sababu unaijua sana, na umeshajua pia haki zako.

Na hapa ndipo nataka turudi Kieni, kwa sababu huu mchezo una shosho yake huko.

Kabla ya uhuru, sehemu kubwa ya Kieni ilikuwa mashamba ya walowezi. Mwafrika alikuwa pale kama mkono. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915 na ikaanza kukaza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika wa kuanzia miaka 16 alibeba karatasi yenye jina, kabila, alama za vidole, mahali amefanya kazi, na mshahara aliolipwa. Aliibeba kwa kikopo cha chuma shingoni. Mdosi asipotia sahihi kwamba amekuachilia, huendi kwa mdosi mwingine. Na mdosi mpya akiangalia alionaje? Mshahara wa zamani. Kwa nini akuongezee wakati anaona ulikubali kidogo? Harry Thuku alipinga hayo mambo mwanzo wa miaka ya 1920, akakamatwa, na Machi 1922 watu waliokuja kumtetea Nairobi wakapigwa risasi. Kipande kiliendelea mpaka miaka ya mwisho ya 1940.

Sasa fungua akaunti yako ya kazi za onlaini. Kuna jina, kuna nchi, kuna historia ya kazi, kuna bei uliyolipwa mwisho, kuna nyota ambazo mteja anakupa akitaka na anakunyima akitaka. Nyota zikishuka huwezi kuhama nazo, na akaunti ikifungwa huna mtu wa kuuliza. Machi 2024 Remotasks, mtandao wa kufundisha AI wa kampuni ya Scale AI ya Marekani, ulifunga shughuli Kenya. Watu waliamka wakapata mlango umefungwa kwa barua pepe. Hakuna kikopo cha chuma shingoni, sawa. Lakini guka akifufuka leo umuonyeshe hiyo skrini, hutamueleza kwa muda mrefu.

Mshahara wa rangi pia hatukuuanza leo. Mwaka wa 1948 tume ya Holmes, iliyoangalia mishahara ya serikali za Afrika Mashariki, ilipendekeza kwamba mtu asiye Mzungu alipwe tatu ya tano ya kile Mzungu analipwa kwa cheo hicho hicho. Yaani mkiwa makarani wawili, meza moja, wino mmoja, yeye akibeba shilingi 5 wewe unabeba 3. Sababu waliyotoa? Ati gharama za maisha ni tofauti, na Mzungu ametoka mbali. Hiyo kauli si umeisikia mahali juzi? Tume ya Lidbury ya 1954 ndiyo ilisema hiyo hesabu ya rangi itupwe. Na wasee, tatu ya tano ilikuwa afadhali. Kwa kazi ya OpenAI iliyofanywa na Sama, ile ya kufundisha ChatGPT ijue matusi na uchafu, TIME iliripoti Januari 2023 kwamba mkataba ulikuwa wa dola 12.50 kwa saa, na mfanyakazi wa Nairobi akabeba kati ya dola 1.32 na 2. Kampuni ya kati ina gharama zake, ndiyo, kuna ofisi, mameneja na stima. Lakini piga hesabu mwenyewe uone hata tume ya wakoloni ingeonekana ya huruma.

Basi mtu atasema hizo ni kazi za chini, soma kodi, panda juu, ubaguzi utaisha. Hii ndiyo stori mathee huambia kila mtoto wa Nyeri: soma uende DeKUT. Na chuo chenyewe ni noma kweli. Dedan Kimathi iko na watu wa sayansi ya data na AI, na ndani ya eneo lake kuna kampuni ya kutengeneza chipu, Semiconductor Technologies Limited. Chipu, Nyeri, si mchezo. Microsoft ilifungua kituo cha mainjinia Nairobi 2019, Google ikafuata 2022, na kuna Wakenya wanachapa kazi nzito huko. Kwa hivyo usiniambie nimesema milango yote imefungwa.

Lakini panda kidogo uone nani anashika pochi. Mwaka wa 2017 shirika la Village Capital lilitoa ripoti kuhusu pesa za wawekezaji kwa kampuni changa za Afrika Mashariki. Kati ya pesa walizofuatilia za 2015 na 2016, asilimia 90 zilienda kwa kampuni zenye angalau mwanzilishi mmoja kutoka Ulaya au Amerika Kaskazini. Miaka ikapita, watu wakafanya makongamano, wakala samosa, wakapiga picha. Halafu hesabu ya Viktoria Ventures ikaonyesha kwamba kwa kampuni changa za Kenya zilizopata zaidi ya dola milioni moja mwaka wa 2019, zilizoongozwa na wenyeji zilikuwa asilimia 6. Kenya, nchi ya M-Pesa. Sita.

Ukiuliza wawekezaji watakuambia hawaangalii rangi, wanaangalia watu wanaoweza kuwaamini. Na wanaamini nani? Mtu waliyesoma naye, mtu anayeongea kama wao, mtu aliyetambulishwa na rafiki kule San Francisco. Hakuna mahali wameandika "weusi wasiombe". Haihitajiki. Halafu huyo aliyepata doo anakuja Nairobi, anaajiri chali aliyesoma naye awe mkuu wa teknolojia, na Mkenya mwenye digrii mbili anapewa kazi ya kushughulikia "jamii". Mzungu anaitwa mtaalamu wa kigeni, analipiwa nyumba Lavington na shule ya watoi. Mkenya anayekaa meza ya pili anaitwa mfanyakazi wa ndani. Si ofisi zote, lakini ukiwa umefanya kazi Kilimani au Westlands unajua ninachosema.

Sheria hapa iko wazi kuliko watu wanavyodhani. Kibali cha kazi cha daraja la D, kile cha mgeni aliyeajiriwa na kampuni fulani, msingi wake ni kwamba huo ujuzi haupatikani Kenya. Sasa kuna ujuzi gani wa kuandika tangazo la Instagram usiopatikana Kenya?

Kwa kina Google wenyewe kule nyumbani mambo si mazuri pia. April Curley aliajiriwa na Google 2014 kutafuta vijana kutoka vyuo vya watu weusi wa Marekani. Baadaye akatolewa, na 2022 akashtaki akisema watu weusi walikuwa wakiwekwa ngazi za chini na kulipwa kidogo. Mei 2025 ikajulikana kwamba Google imekubali kulipa dola milioni 50, bila kukiri kosa. Na Derek Mobley, mwanamume mweusi wa zaidi ya miaka 40, alishtaki kampuni ya Workday mwaka wa 2023 akisema aliomba kazi zaidi ya 100 kupitia mitambo yao ya kuchuja CV na kila mahali akakataliwa. Kesi yake imekubaliwa kuendelea. Hiyo ya Mobley ndiyo inafaa kutushtua zaidi, kwa sababu mashine hailali, hainywi chai, na haina dhamira ya kumsumbua usiku. Mtu mmoja mbaguzi anaweza kukunyima kazi moja. Programu moja inaweza kukunyima mia kabla ya saa nne asubuhi.

Kuna ile ya Kizungu chetu pia. Aprili 2024 Paul Graham, mmoja wa waanzilishi wa Y Combinator, alisema mtandaoni kwamba mtu alimtumia barua pepe ya kupendekeza mradi, na yeye akagundua imetumia neno "delve". Kwake hilo neno lilinuka ChatGPT. Wanaijeria wakamrukia, na Wakenya wakajiunga, kwa sababu sisi tulilazimishwa kuandika hivyo. Mwalimu wa insha hakukupa alama kwa kuandika kama mtu anayeongea na rafiki. Alitaka msamiati. Kuna utafiti wa Stanford wa 2023 uliojaribu mitambo ya kunasa maandishi ya AI kwa insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na zaidi ya nusu ya insha zikaitwa za mashine, ilhali binadamu waliziandika kwa mkono wao. Sasa weka pamoja: mashine imefundishwa na vijana wa Nairobi kwa dola mbili, halafu kijana wa Nairobi akiandika barua ya kuomba kazi anaambiwa anaandika kama mashine. Ni kucheka ama kulia, chagua.

Kabla tuendelee kurusha mawe kwa wazungu, tujiangalie sisi. Watu wa Mlima, hii ni yenu na yangu. Kuna ofisi za teknolojia Nairobi ambapo jina la pili likianza na O linakaa kwa foleni, na kuna nyingine ambapo linaloishia na "-ui" halifiki hata mapokezi. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja, na kila mwaka ripoti hutoka zikionyesha taasisi zinazovunja hiyo sheria. Ukikubali jina lichuje mtu Nyeri, utasimama wapi kulalamika likikuchuja wewe San Francisco? Naisema na kuiwacha hapo, kwa sababu pia kuna watu hupenda kutumia ukabila wetu kama kisingizio cha kutojibu swali la rangi. Ni madeni mawili tofauti.

Sasa msee afanye nini? Kwanza jua silaha ulizo nazo. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inakataza kubagua mtu kwa rangi, kabila na mengine mengi, na inafunga mikono ya serikali na ya watu binafsi pia, kampuni ikiwemo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inataka malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na ina kitu tamu ambacho wengi hawakijui: ukidai umebaguliwa, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba hakubagua. Inahusu hata kuajiri, si mshahara tu. Una miaka 3 ya kupeleka kesi yako kwa Mahakama ya Ajira. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kutoamuliwa mambo makubwa ya maisha na mashine peke yake. Yaani CV yako ikitupwa na programu, unaweza kuomba binadamu aiangalie, na ukizungushwa unaenda kwa Kamishna wa Data. Weka meseji zote, tangazo la kazi la kwanza, mkataba, barua ya kukataliwa. Wengi hufuta kwa hasira halafu wanabaki na stori bila karatasi.

Pili, watu wakiwa wengi ni ngumu kuwafuta. Mei 1, 2023, zaidi ya wafanyakazi 150 wa hizi kazi za kusafisha mitandao na kufundisha AI walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Motaung alifutwa akijaribu kitu kama hicho miaka minne kabla.

Na mahakama zimewasikiza. Meta ilisema haiwezi kushtakiwa Kenya kwa sababu haina ofisi wala biashara hapa. Februari 2023 Jaji Jacob Gakeri akakataa. Juni mwaka huo Jaji Byram Ongaya akasema, katika uamuzi wa muda, kwamba Meta ndiyo mwajiri mkuu wa wale wafanyakazi. Meta ikakata rufaa, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema kesi ziendelee hapa hapa. Hiyo ni kubwa kuliko pesa yoyote. Kwa mara ya kwanza kampuni ya California inaambiwa haiwezi kujificha nyuma ya kampuni ya kati huku ikitumia mikono ya Waafrika.

Unajua kilichofuata? Desemba 2024, Rais Ruto akiongea Nairobi kuhusu hizi kazi za ng'ambo, alisema kampuni zilizokuja hapa zilisumbuliwa na kesi, na kwamba sasa sheria imebadilishwa ili mtu asizipeleke kortini tena. Alichokuwa akiongelea ni Mswada wa Marekebisho ya Sheria za Biashara wa 2024, ulioletwa na Seneta Aaron Cheruiyot. Ndani yake kuna kifungu kinachosema kampuni ya nje ikipeana kazi kwa kampuni ya Kenya, madai ya wafanyakazi yanabaki kwa hiyo ya Kenya.

Gava inasema italeta kazi nyingi, na naelewa, vijana wanazihitaji jana. Lakini soma hicho kifungu ukiwa msee wa Endarasha. Ukibaguliwa, ukilipwa moja ya kumi, ukiharibiwa akili na video, utakuwa unashtaki kampuni ya kati yenye ofisi ya kukodi Nairobi, ambayo inaweza kufungwa Ijumaa na kufunguliwa Jumatatu kwa jina lingine. Ile ya Menlo Park, yenye pesa, iliyopanga bei, haitaitwa hata kama shahidi. Maseneta na wabunge wa Nyeri wako na namba za simu na wako na kurasa za Facebook, na cha kuwauliza ni kimoja: ulipiga ama utapiga kura gani kwa hicho kifungu?